Chujio la Pamoja na Barua ya Mkimbizi

Sisi tufundishao lugha tumezoea kuulizwa kama neno fulani ni sanifu au si sanifu, kama huandikwa pamoja au mbalimbali, na kama limetoka Bara au Pwani. Hatujazoea kuulizwa kama neno laweza kumponza mtu aliyelitumia kwa haki. Swali hilo ndilo ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji wa jarida letu. Sikulipata vitabuni, nililipata katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kutoka Mbarara kila mwisho wa juma ili kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika Kiswahili.

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale kabisa barani Afrika. Wanyarwanda walitangulia, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, hata mtu akisimama sokoni Base Camp huweza kusikia lugha tano au sita kabla hajanunua chumvi. Lugha inayowakutanisha wengi wao ni Kiswahili. Sicho sikuzote kile cha vitabu vyetu, maana Mkongo husema batoto pale nisemapo mimi watoto, lakini ni Kiswahili, na biashara hukamilika.

Katika darasa langu yumo mama mmoja mshonaji, mzaliwa wa Kivu. Mwaka jana aliazimia kuomba nafasi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Mbarara. Chuo hicho sitakitaja, kwa kuwa waliomo hawakumkusudia ubaya. Maombi yalitakiwa yaletwe kwa barua pepe. Mama yule aliiandika barua yake kwanza kwa Kiswahili katika daftari, nami nikamsaidia kuitia katika Kiingereza, kisha tukaenda pamoja katika kibanda cha intaneti. Barua ilieleza yeye ni nani: mkimbizi kutoka Kongo, mjane aliyefiwa na mumewe vitani, akaaye katika makazi ya Nakivale, aombaye kwa unyenyekevu kupokelewa na kupunguziwa ada. Kila neno lilikuwa kweli.

Jibu halikuja. Zikapita wiki nne, zikapita sita, na masomo yakaanza bila yeye. Akaniambia, "Mwalimu, hawatutaki sisi watu wa kambi." Sikumjibu, maana nami nilikuwa nimeanza kudhani hivyo hivyo.

Hatimaye nilikwenda chuoni mwenyewe. Karani hakuwa na habari yoyote ya barua hiyo. Kijana atunzaye kompyuta zao aliitafuta, akaikuta katika sanduku la barua taka, imebanwa kati ya matangazo ya dawa za nguvu za kiume na barua za watu wanaojidai kurithi mamilioni ya dola. Hakuna binadamu aliyekuwa ameisoma. "Samahani sana, mwalimu," akasema. "Hii haikukataliwa na mtu. Ni hesabu iliyoikataa."

Nilimwomba anieleze hiyo hesabu, naye akanieleza kwa subira ambayo mimi sina ninapofundisha ngeli. Mengine nimejisomea baadaye.

Ziko programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kukaa mlangoni mwa seva, yaani kompyuta ipokeayo barua na kuzigawa, na kuamua ipi ni barua njema na ipi ni taka. Mwanzoni zilipewa orodha za maneno mabaya, lakini walaghai walizizoea upesi. Njia iliyofaulu zaidi ina asili yake katika insha ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1761. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price, nayo yahusu namna ya kupima dhana kwa kutumia yale yaliyokwisha kuonekana. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walionyesha jinsi mwenendo huo uwezavyo kuchuja barua pepe, na mwaka 2002 Paul Graham aliueneza kwa insha ambayo waundaji wengi wa programu waliifuata. SpamAssassin, programu itolewayo bure na kutumiwa na seva nyingi za vyuo na ofisi, nayo imo katika kundi hilo.

Mwenendo wenyewe ni rahisi kuliko sifa zake. Chujio hupewa rundo la barua njema na rundo la barua taka, likahesabu kila neno limetokea mara ngapi katika kila rundo. Tuseme tuna barua njema 1,000 na barua taka 1,000. Tuseme neno "mkimbizi" limeonekana katika barua taka 60, na katika barua njema 2 tu. Basi katika barua 62 zenye neno hilo 60 ni za walaghai, na chujio huandika kwamba barua yenye neno "mkimbizi" ina dalili ya ulaghai ya takriban sehemu 97 katika 100. Likiisha kufanya hivyo kwa maneno yote, hupokea barua mpya, hukusanya ushahidi wa maneno yake, na kutoa jumla. SpamAssassin haitegemei jumla hiyo peke yake. Huiongeza katika dalili nyingine za barua, na kwa kawaida barua ikifikisha alama 5 huhesabiwa taka.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kuinua mkono. Hesabu hii, katika umbo lake la kawaida, huyachukua maneno kana kwamba kila moja ni shahidi aliyekuja mahakamani kwa njia yake, bila kushauriana na mwenzake. Lakini maneno hayaendi hivyo. "Mkimbizi", "kambi", "vita", "mjane" na "msaada" hutembea pamoja kwa sababu maisha yaliyoyazaa ni mamoja. Mama yule alisema jambo moja juu ya nafsi yake. Chujio likasikia mashahidi watano wakimshuhudia vibaya.

Sasa nije kwenye jambo la ushirika. Chuo kile ni mali ya taasisi yenye ofisi zake Kampala, na kwa jumla wana seva tatu. Zamani kila seva ilikuwa na hesabu zake, na matokeo yake yalikuwa kichekesho: barua moja ilipita mlango mmoja ikazuiwa katika mwingine. Kwa hiyo fundi aliweka hifadhidata moja, tuseme daftari moja la hesabu, na seva zote tatu husoma humo na kuandika humo. Kinachojifunzwa Kampala asubuhi hutumika Mbarara kabla ya mchana. Katika SpamAssassin upo hata mpangilio unaoiamuru programu iwahesabu watumiaji wote kuwa ni mtumiaji mmoja mwenye jina moja. Niliposikia hivyo nilimwomba kijana arudie. Naam, watu mia kadhaa, wenye kazi mbalimbali na barua za namna mbalimbali, mbele ya daftari ni mtu mmoja.

Je, kushirikiana hukumu kwa namna hii ni jambo la haki?

Nisije nikaonekana kuwa adui wa mitambo, naanza kwa kuitetea desturi hiyo. Chujio la Bayes halijui kitu linapozaliwa. SpamAssassin haianzi hata kuitumia hesabu hii mpaka iwe imefundishwa barua njema zisizopungua 200 na barua taka zisizopungua 200. Ofisi ndogo, yenye karani mmoja ambaye hana wakati wa kupambanua barua, yaweza kukaa muda mrefu bila kinga hiyo. Daftari la pamoja humpa mnyonge uzoefu wa wenye nguvu. Ndivyo watu walivyofanya tangu zamani: tapeli akipita kijiji kimoja, habari zake humtangulia katika kijiji cha pili, na hakuna asemaye kwamba kijiji cha pili kilipaswa kwanza kitapeliwe ndipo kiwe na haki ya kumshuku.

Wala ulaghai si mchezo huko Nakivale. Ziko barua na jumbe zijazo kwa majina ya mashirika makubwa, zikimwambia mkimbizi kwamba jina lake limeteuliwa kupelekwa Kanada au Marekani, ila kwanza atume ada. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi limetangaza mara nyingi kwamba huduma zake ni bure na kwamba hakuna nafasi ya kuhamishwa inayouzwa. Hata hivyo tumaini la mtu aliyekaa kambini miaka kumi halisikilizi matangazo. Chujio lililokwisha kuzijua barua hizo mahali pengine na kumkinga mtu wa hapa asizisome limefanya kazi njema, na mwenye kulidharau ajaribu kwanza kukaa na mtu aliyeuza mbuzi zake kwa ajili ya barua ya uongo.

Kwa hiyo ubaya hauko katika kushirikiana. Uko wapi, basi? Mimi naona tuanze kwa kuuliza daftari lile lilijifunza wapi neno "mkimbizi".

Wasomaji waliotumia barua pepe kwa miaka mingi watakumbuka barua za kundi fulani. Baada ya Mobutu Sese Seko kuangushwa mwezi Mei 1997, na kufariki Morocco mwezi Septemba mwaka huo huo, dunia ilijazwa barua za uongo zilizodai kuandikwa na mjane wake au wanawe, wakitafuta mtu mwaminifu wa kuwahifadhia mali. Zikafuata nyingine za msichana yatima aliyedai kwamba yumo katika kambi ya wakimbizi mjini Dakar, Senegal, baba yake ameuawa vitani, naye ameachiwa fedha benki. Barua hizo zilisafiri kwa wingi usiohesabika. Zilikuwa na kambi, vita, mjane, yatima, Kongo, Mungu na unyenyekevu. Walaghai waliyachagua maneno hayo makusudi, kwa kuwa ndiyo yaushikayo moyo wa mtu mwema.

Kwa hiyo kulikuwa na wizi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa fedha, na waliodhulumiwa walipiga kelele. Wa pili ulikuwa wa maneno: mkimbizi wa kweli aliibiwa maneno ambayo angejieleza kwayo, na hakuna aliyekwenda polisi. Ofisi za Kampala, ambazo haziandikiani na wakimbizi katika shughuli zao, zilikuwa zimekutana na neno "mkimbizi" katika vinywa vya wezi peke yao. Mbele ya uzoefu wao hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ikashuka Mbarara kwa daftari la pamoja, mwendo wa saa mbili tu hivi kutoka mahali ambapo neno hilo ni jina la kawaida la jirani, ikaendelea kujidhani kuwa sahihi.

Na mimi simo katika wasio na hatia. Nilipomsaidia mama yule, ni mimi niliyemchagulia "kwa unyenyekevu mkubwa" na "nina heshima kukuandikia", kwa sababu ndivyo vitabu vya barua rasmi vilivyonifundisha, nami nawafundisha wengine. Walaghai nao walijifunza katika vitabu hivyo hivyo. Yeye mwenyewe, katika rasimu yake ya Kiswahili, aliandika tu: "Nashona vizuri. Nataka kujua kukata nguo za kisasa. Pesa yangu haitoshi." Mara nyingi najiuliza kama rasimu ile, na tafsiri nyofu ya maneno yale, isingepita mlangoni bila kusimamishwa.

Niruhusiwe kutoka kidogo kwenye kompyuta. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana katika shule moja ya sekondari, nilimpokea mwanafunzi aliyehamia kutoka shule nyingine. Karatasi yake ya uhamisho ilikuwa na maneno mawili yaliyoongezwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mwizi. Aangaliwe." Nilimwangalia kwa mihula miwili. Kila kilichopotea darasani, macho yangu yalimwendea yeye kabla sijapenda. Sikumkamata kwa lolote, naye akaondoka tena. Hadi leo sijui aliiba nini, wala kama aliiba. Hukumu ilikuwa imesafiri, ushahidi ukabaki kule ulikotoka, na mimi nikaupokea mzigo bila kuufungua.

Daftari la chujio lina tabia hiyo hiyo, na cha ajabu ni kwamba lina sababu njema ya kuwa nayo. Halitunzi barua. Hutunza hesabu tu, na katika SpamAssassin ya siku hizi hata maneno yenyewe hugeuzwa kuwa alama fupi zisizosomeka, jambo ambalo husaidia kuilinda siri ya waandishi. Lakini kinga hiyo ya siri ndiyo inayofunga mlango wa rufani. Huwezi kulifungua daftari ukauliza ni barua ipi, ya nani, ya mwaka gani, iliyolifundisha kulishuku neno "mjane". Mashahidi wamekwisha kwenda zao.

Waundaji wa vyombo hivi hawakuwa watu wasiojali. Graham aliamua kwamba kila mara neno lionekanapo katika barua njema lihesabiwe maradufu, kwa sababu aliona ni vibaya zaidi kuizuia barua ya mtu mwema kuliko kuiachia taka moja ipite. Na waliounda SpamAssassin walitambua hatari ya chujio lijifunzalo lenyewe. Programu hiyo yaweza kujifundisha kwa barua ambazo imeziona kuwa mbaya sana au njema sana, lakini katika kuamua ipi ijifunze, alama zitokanazo na hesabu ya Bayes haziingizwi. Yaani hakimu amekatazwa kuwa shahidi wa hukumu yake mwenyewe. Nimewahi kukaa katika kamati za nidhamu zisizokuwa na kanuni njema kama hiyo.

Hata hivyo, kanuni zote hizo humtegemea mtu fulani arekebishe makosa, na hapo ndipo mizani inapopinda. Makosa ya chujio ni ya namna mbili. Barua ya mlaghai ikipenya, mpokeaji huiona, hukasirika, na kumwita fundi. Barua ya mtu mwema ikizuiwa, mpokeaji hajui kwamba kuna kitu amekosa, na mwandishi hudhani amedharauliwa. Kosa la kwanza lina kelele, la pili ni bubu. Daftari linalosahihishwa kwa kelele peke yake litazidi kuwa kali mwaka hata mwaka, na kila mtu wa ndani atalisifu. Kijana yule aliniambia, bila kujua uzito wa neno lake, kwamba tangu waliunganishe daftari hawajapata malalamiko. Bila shaka hawakuyapata. Mlalamikaji alikuwa Nakivale, anashona.

Zaidi ya hayo, Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu na faragha, ambayo humpa mtu haki ya kutaka, kwa taarifa ya maandishi, kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe kwa mtambo peke yake. Ni sheria nzuri. Lakini taarifa ya maandishi huandikwa na mtu ajuaye kwamba uamuzi umefanywa. Na hata angejua, angeipeleka kwa njia gani? Kwa barua pepe?

Yuko atakayesema kwamba dawa ni kila mtu kuwa na chujio lake. Graham mwenyewe aliupenda mwelekeo huo, akasema kwamba hesabu zitokane na barua za kila mtumiaji, ili kila mmoja ajiamulie taka ni nini. Ni hoja yenye uzuri wake, lakini haimfai karani ambaye kwa siku hupata barua tatu za haja na thelathini za upuuzi, wala haimfai fundi mmoja mwenye seva tatu. Tena uhuru huo ungemwacha kila mtu ajifunze kwa hasara yake. Mimi siwezi kumshauri mtu wa Nakivale akatae kinga ya wenzake.

Nionavyo mimi, swali la haki si kama watu washirikiane hukumu, bali ni washirikiane mpaka wapi. Nami naona kwamba mpaka huo usipite mpaka wa kushirikiana masahihisho. Chuo na ofisi zake zinaweza kuwa na daftari moja ikiwa chuo nacho kina mkono wa kuandika humo. Karani wa Mbarara afungue sanduku la taka angalau mara moja kwa juma, hasa majira ya maombi. Kila barua njema atakayoikuta arudishiwe chujio kama fundisho. Na barua iliyoshukiwa isifutwe kabla ya mtu kuitazama. Barua za wakimbizi ziwemo katika rundo la barua njema tangu mwanzo, kwa idhini ya walioziandika, ili daftari lijue kwamba neno hilo lina wenyewe. Lakini ikiwa ofisi ya mbali inaandika humo na ya karibu inapokea tu, ushirika huo ni jina, na wa karibu ndiye atakayelipa.

Najua nitaambiwa kwamba nadai mengi kwa barua moja iliyopotea. Kwa fundi ni moja katika maelfu, kiasi ambacho chujio lolote lingejivunia. Sitaki kubishana na hesabu yake. Nataka tu ikumbukwe kwamba makosa hayo machache hayakugawanywa kwa kura. Mfanyabiashara wa Kampala hatapoteza barua hata moja kati ya hizo. Zitapotea za watu wale wale, kwa maneno yale yale, kila mwaka. Mtu aweza kukubali kubeba sehemu yake ya hasara ya wote. Ni jambo jingine akiambiwa kwamba hasara yote ya wote ni sehemu yake.

Kijana yule alifanya aliloweza. Aliirudisha barua ya mama kwa chujio kama barua njema, akanionya mapema kwamba moja haitatikisa hesabu iliyojengwa kwa maelfu. Akaniuliza kama naweza kumpatia nyingine. Nilizungumza na wanafunzi wangu wa Nakivale. Baadhi wamekubali barua zao zitumike, wengine wamekataa, na waliokataa sikuwauliza sababu. Zilizopatikana bado ni chache mno.

Mama yule naye ameamua kuomba tena kwa ajili ya muhula ujao. Safari hii niliacha aanze kwa rasimu yake mwenyewe, nikaitafsiri bila kuongeza unyenyekevu wangu. Alipofika mahali pa kueleza anakotoka alisimamisha kalamu, akaniuliza, "Mwalimu, hili neno mkimbizi, niliondoe?"

Kwa mwalimu wa lugha hilo lilikuwa swali gumu kuliko yote niliyopata kuulizwa darasani. Nikimwambia aliondoe, namfundisha kuficha jina lake ili apite mlango uliotiwa kufuli na wezi. Nikimwambia alibakize, naiweka hatarini nafasi yake kwa ajili ya falsafa yangu, na mimi nina kazi na mshahara. Nilimweleza jinsi chujio lifanyavyo kazi, kama nilivyoeleza hapa, nikamwachia aamue mwenyewe. Alifikiri kwa muda, akiizungusha kalamu vidoleni kama azungushavyo sindano.

Alilibakiza. Tukaituma siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nilipita chuoni kumwomba karani afungue sanduku la taka.